Maji Ndani ya Protini, Betri Juu ya Sanduku

Kazi yangu ya shahada ya pili ilihusu maji, na jambo hilo lilinitesa mtaani kuliko lilivyonitesa chuoni. Baba aliwaambia watu wa kanisa kwamba binti yake anasomea maji. Hakudanganya. Lakini sisi tunakaa Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, ambako kila mwenye ploti amechimba kisima au anapanga kuchimba, na haikuchukua muda nikaanza kuletewa chupa. Maji ya kisima cha fulani yana rangi ya chai. Ya fulani yananuka chuma. Chupa zilijipanga kibarazani, nyingine za soda, nyingine za mafuta ya kupikia, kila moja ikiwa na mwenyewe aliyeniambia nisijali, hana haraka, ataniuliza Jumapili. Nilipowaeleza kwamba maji yangu mimi yako ndani ya kompyuta, walinitazama kwa huruma, wakaacha chupa palepale.

Wacha nieleze mara moja, nisiulizwe tena. Mwili wa kitu chochote kilicho hai una protini, na protini ni kamba ndefu iliyojikunja ikawa donge lenye umbo lake maalum. Yangu ilikuwa ya kimelea cha malaria. Ndani ya donge hilo kulikuwa na shimo dogo, na watu wenye akili kunishinda wanatumaini kwamba siku moja dawa itaingia pale, ilizibe, kimelea kife. Mimi nilitakiwa kujua shimo hilo linafanya nini siku nzima: linafunguka, linajifunga, au linakaa tu. Huwezi kuliona kwa macho. Unachukua ramani ya protini ambayo wataalamu wa mbali walishaichora kwa miale na kuiweka mtandaoni bure kwa kila mtu. Unaiingiza kwenye kompyuta, unaimwagia maji pande zote, molekuli kwa maelfu, halafu unaiambia kompyuta: sogeza. Inasogeza kila chembe kidogo sana, inapiga hesabu, inasogeza tena. Mashine inanguruma wiki nzima, na mwisho wake umeiga kipande cha wakati kifupi hata kupepesa jicho ni kurefu mno kando yake. Hiyo ndiyo simulesheni. Watu wengine husomea uhasibu.

Maabara yetu ilikuwa na mashine moja ya maana na wanafunzi wengi wa kuipigania. Kisha wahadhiri wakagoma, maabara ikafungwa kwa kufuli. Msimamizi wangu ni mama mmoja mkimya ambaye hakuwa amewahi kunisifu wala kunigombeza. Alinitilia sahihi niichukue mashine niende nayo nyumbani, akasema mgomo ukiisha atataka kuona matokeo, hatataka kusikia sababu. Nikaipeleka Kiplombe kwa teksi, nimeipakata mapajani, dereva akiniuliza njia nzima kama hiyo ni ya kuchimba pesa za mtandaoni. Nilimwambia ni ya maji. Hakuniongelesha tena.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Baba. Alikuja Eldoret akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, akawa karani kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akawa karani wa huyu na wa yule mpaka magoti yalipokataa. Mama alishatutoka. Tulimzika nyumbani, kule ziwani, mbele ya nyumba ambayo Baba aliijenga kwa miaka mingi na hakuwahi kulala ndani yake ila wakati wa likizo. Tangu tulipomzika, Baba alikuwa na nia moja tu: arudi akae pale, alime shamba lake, awe karibu na kaburi la mke wake. Huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake, kwa hivyo alipolianzisha jambo hilo ilikuwa kama mtoto anaomba ruhusa.

"Mama," aliniambia, "nikingoja sana nitarudi nikiwa mtu wa kuzikwa, si mtu wa kulima."

Mwaka ulipoanza alikuwa ameshafunga mizigo. Alifunga ndani ya sanduku la bati, lile lile nililoendea nalo shule ya bweni, namba yangu ya shule bado imepakwa rangi nyeupe ubavuni. Alitaka kufika kabla ya mvua ya masika ili apande mahindi. Ndipo mimi nikaingia na mashine. Mchana huwa nafundisha vipindi kwenye chuo cha ufundi mjini, na mashine kama ile huwezi kuiacha peke yake ndani ya nyumba. Na stima ya Kiplombe kila mtu anaijua, umeme wa kuja na kuondoka. Nikamwomba Baba anivumilie wiki chache tu, nipate matokeo, halafu nitamsindikiza mwenyewe hadi kwa basi. Baba akasema hakuna shida, ataangalia. Akavuta kiti chake mbele ya mashine, akakaa akaangalia.

Mashine ilikuja na betri ya akiba, boksi jeusi zito la kuishikilia stima ikipotea. Ilikuwa kuukuu. Waya wake wa nyuma ulikuwa umelegea, na sakafu yetu ni ya simiti, na mimi nilikuwa na hakika kwamba simiti ina unyevu. Sijui hakika hiyo niliitoa wapi. Nilianza kutafuta kitu cha kuiinulia. Baba akaniambia niiweke hapo, akanyoosha kidole kwenye sanduku lake lililokuwa kando ya mlango. Tukalisukuma hadi chini ya soketi. Betri ikakaa juu ya kifuniko vizuri kabisa, nikamsifu Baba kwa wazo lake.

Siku za mwanzo alilisogeza sanduku kidogo ili afagie nyuma yake. Waya ukacheza, mashine ikazimika. Programu huhifadhi kazi kila baada ya muda, lakini ilikuwa katikati ya kuandika, faili likaharibika lote. Niliporudi jioni nikawaka. Sikumgombeza Baba, mzazi hagombezwi, ila niliugombeza ukuta kwa muda mrefu na kwa sauti, naye alikuwa ameketi mbele ya ukuta huo. Kisha nikatoa sheria. Mbele ya betri kuna taa ndogo ya kijani. Nikamwambia taa hiyo ikiwa inawaka kijani, hakuna mtu kugusa betri, wala waya, wala sanduku, hata paka. Baba aliirudia sheria neno kwa neno, vile alivyozoea kurudia maagizo ya meneja wa kiwanda. Kuanzia hapo mgeni yeyote aliyeingia na chaja ya simu mkononi alisimamishwa mlangoni.

Protini yangu haikukaa. Ilianza vizuri, ikatingishika kidogo kama inavyotakiwa, halafu shimo likaanza kujifunga. Kuta zake mbili zikakutana, kipande cha juu kikaanguka ndani, na grafu ambayo ilitakiwa kulala chini ikapanda kama barabara ya kwenda Iten. Nikaanza upya, ikaanguka tena. Nikapunguza joto, nikabadilisha chumvi. Nikabadilisha maji yenyewe, kwa sababu yako maji ya kompyuta ya aina kadhaa, na wataalamu hubishana juu yake jinsi watu hubishana kuhusu mpira. Kila jaribio lilikula wiki, na kila mwisho wa jaribio nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe ndefu yenye maelezo na picha. Alinijibu maneno mawili. Jaribu tena.

Mvua ya masika ikaja. Majirani wakapanda, mahindi yakafika magotini, yakafika kiunoni. Mama anayetuletea maziwa kutoka Moiben alimuuliza Baba kama hakuwa ameaga. Baba mdogo, yaani ndugu yake wa mwisho, alipiga simu kusema shamba limeota kichaka, na jirani ameanza kufunga ng'ombe wake mle kama mtu asiye na habari. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mtoto bado anamaliza. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, na kile kitu kilinichoma. Umri wangu si wa kuitwa mtoto anayemaliza. Nilijua kila protini inapoanguka, ni Baba anayelipa, kwa msimu wa kupanda, na kwa magoti yale hatapata mingine mingi. Nilijua, na hasira yangu yote nikaielekeza kwa protini, kwa sababu haina mdomo.

Halafu baridi ikaingia. Asiyejua Eldoret ya Julai asinidanganye kwamba amewahi kusikia baridi. Jua linaonekana kwa adabu tu, saa sita tayari limeaga, na maji ya bomba yanauma vidole. Mimi nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho. Baba alivaa shati, na juu ya shati akavaa shati lingine, na juu yake koti la suti alilostaafu nalo. Baridi ilipozidi akajifunga taulo mabegani. Baadaye nikamkuta amejitanda leso ya marehemu Mama, ile ya maua mekundu, ameketi mbele ya mashine akiota joto la feni zake. Kusema kweli alipendeza. Nikamuuliza sweta zake ziko wapi.

Akasema, "Ziko."

Ziko wapi, nikauliza. Akasema zipo tu, na kwamba hasikii baridi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Sasa, Baba ana tabia moja, au tuseme mimi ndiye niliyekuwa nimempa tabia hiyo kichwani mwangu: hawezi kumwona mtu anatetemeka asimpe nguo. Viatu vya Krismasi alishawahi kumpa mlinzi wa kanisa, akarudi na ndala. Nikaamua kwamba sweta zimekwenda njia hiyo hiyo, pamoja na ile ya kahawia ambayo Mama alimfumia kwa mikono yake. Nikaongea. Nikasema huruma ikizidi ni ujinga, nikasema Mama hakufuma usiku na mchana ili walinzi wapate joto. Baba alinisikiliza jinsi alivyomsikiliza ndugu yake kwenye simu. Mwisho akasema nisiwe na wasiwasi, ataziona. Nikamnunulia blanketi, akajifunika miguu, akashukuru mno, mpaka nikaona haya bila kujua ni kwa nini.

Kanisani kwetu kuna ushirika wa nyumbani unaozunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanaimba, wanasoma neno, wanaomba, wanakunywa chai, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuleta haja yake. Zamu yetu ilifika siku ya Jumamosi mchana, nikiwa nimetoka kuangushwa na jaribio jingine. Nilimsihi Baba asiniguse kwenye maombi yake. Akaitikia. Kisha wakati wa haja ulipofika akasimama na leso yake mabegani, akasafisha koo, akasema anaomba ushirika umkumbuke binti yake, kwa sababu ana protini ambayo haisimami.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniua. Wale akina mama walifumba macho, wakaanza kuiombea protini yangu kwa bidii, wengine wakiitaja na wengine wakisema tu kitu hicho. Mwenyekiti wa ushirika ni mama anayeuza viazi vya kutoka Burnt Forest pale sokoni, na ndiye mwenye ile chupa ya maji yenye rangi ya chai. Yeye haombi kwa mbali. Alipopata moto aliinuka, akaja na mkono umenyooka auweke juu ya ile betri. Baba hakuwa amefumba macho. Alikuwa akiitazama taa. Akaruka kutoka kwenye kiti, yeye mwenye magoti yale, akauzuia mkono wa mama mwenyekiti hewani, akamwambia kwa heshima zote aombe hapo hapo alipo, mkono usishuke zaidi. Maombi yaliendelea na mkono ukiwa juu hewani, Baba ameushika kwenye kifundo ili usije ukachoka.

Baada ya chai, mama mwenyekiti akasema wameomba kitu wasichokijua, sasa waonyeshwe hayo maji. Sikuwa na pa kupitia. Faili nililokuwa nikifanyia kazi lilikuwa kubwa mno, lingechukua muda wote wa chai ya pili kufunguka. Kwa hivyo nikafungua ile ramani ya kwanza, jinsi ilivyotoka mtandaoni, ambayo nilikuwa sijaitazama tangu siku ya kuipakua. Donge likatokea kwenye skrini, likizunguka taratibu. Wakasogea. Nikawaambia hii ndiyo protini, hapa ndipo mlango, na hili ndilo shimo ambalo linanisumbua. Ndani ya shimo kulikuwa na vidoti vitatu vyekundu. Nikaweka kidole juu yake, kwa ile sauti yangu ya darasani, nikasema:

"Na haya ni maji."

Kidole kikabaki hapo hapo. Wao walidhani bado naendelea.

Nieleze hili pia. Miale inayochora ramani ya protini huona hata maji, kama maji hayo yametulia mahali pamoja. Yanachorwa kama vidoti. Sasa sisi kwenye maabara yetu tuna desturi, na desturi hiyo tuliikuta: ukishapakua ramani, kabla hujafanya lolote, unaisafisha. Unaandika amri ya mstari mmoja tu, tuliyoirithi kwa wanafunzi waliotutangulia, nao wakairithi kwa wengine, na amri hiyo inafuta maji yote. Sababu inaeleweka. Utamwaga maji mengine mapya, ya nini kubaki na ya zamani? Protini za wenzangu zote zilikuwa na maji ya nje tu, kama umande, ukiyafuta hakuna hasara. Hakuna aliyewahi kupata shida, kwa hivyo hakuna aliyewahi kuuliza. Mimi niliisafisha yangu siku ya kwanza, kabla hata sijaitazama, vile mtu anavyofagia nyumba akihamia.

Na kompyuta inapomwaga maji mapya, inayamwaga penye nafasi. Shimo langu ni dogo, na limefungwa pande zote. Haikuweza kuyaingiza mle. Miezi yote ile nilikuwa nimeacha shimo kavu na tupu, halafu nalilaumu kwa kuanguka. Molekuli tatu za maji. Ndizo zilizokuwa zimeshika ukuta huu na ukuta ule, zimekaa kimya hapo katikati, nami nikazitoa kwa sababu nilidhani ni uchafu.

Mama mwenyekiti akaniuliza kama ni vibaya. Nikamwambia hapana, Mama, ni vizuri, ila ni mimi niliyeyatoa. Akafikiria. Akauliza kama na chupa yake nimeshaiangalia. Nikamwambia maji yake yana kutu ya chuma, ayaache yatulie kwenye ndoo kisha ayachuje, na siku ile nilikuwa na furaha ya ajabu hata nikazipima chupa zote za kibarazani. Jumapili iliyofuata ushirika ulisimama mbele ya kanisa zima kutoa shukrani kwamba maji yaliyokuwa yamefichwa yamefunuliwa. Nikataka kusema kwamba niliyafunua mwenyewe, kwa kubonyeza. Baba akanigusa kiwiko niketi.

Nikaanza upya. Nikasafisha ramani kwa mkono, nikayaacha yale matatu ndani, nikamwaga mengine nje. Kule ziwani mvua ya vuli ilikuwa inakaribia, na Baba mdogo alishasema wengine wameanza kulima. Huo ndio ulikuwa msimu wa mwisho wa mwaka. Kila jioni niliporudi kutoka mjini Baba alikuwa akiniuliza swali moja kabla sijavua viatu.

"Imekaa?"

Nilikuwa nikifungua grafu, naangalia, namwambia imekaa. Anaitikia kwa kichwa na kurudisha macho kwenye ile taa. Wiki ya kwanza imekaa. Stima ikapotea mara kadhaa, betri ikashika. Siku moja ilipotea mchana kutwa, na niliporudi Baba akanieleza jinsi betri ilivyolia, akatoka, akaenda kwa jirani mwenye jenereta, akavuta waya juu ya ua. Alinieleza hayo akiwa amejikunja ndani ya leso na blanketi. Nikamwambia asante. Sikuuliza habari za sweta, nilishachoka kuzigombania.

Simulesheni ilimalizika asubuhi moja ya Jumamosi. Grafu ililala kutoka mwanzo hadi mwisho. Lile shimo lilikuwa wazi, likifunguka kidogo na kurudi, na maji matatu yamo ndani, yakibadilishana nafasi mara chache kama watu wa nyumba moja. Nikanakili kila kitu, nikamtumia msimamizi. Alijibu neno moja. Vizuri. Nikalisoma mara nyingi. Kisha nikazima mashine, nikapapasa nyuma ya betri nikaizima nayo, na nyumba ikawa na ukimya ambao nilikuwa nimeusahau.

Baba aliitazama ile taa. Akaniuliza imezimika au stima imepotea. Nikamwambia nimeizima mwenyewe, tumemaliza, anaweza kwenda kupanda. Alitabasamu mpaka nikaona jino lake la pembeni, lile ambalo huonekana harusini tu. Halafu akauliza kama sasa inaruhusiwa kugusa sanduku.

Nikamwambia ni lake, aliguse. Nikainua betri, nikaitua sakafuni. Baba akapiga magoti polepole, akishika ukuta, akafungua kifuniko. Juu kabisa, zimekunjwa vizuri, kulikuwa na sweta zake zote. Ile ya kahawia ilikuwa ya kwanza. Akaivaa hapo hapo, na nje kulikuwa na jua, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Akachukua ya pili, akaivaa juu yake. Kisha akajiinua, akarudi kwenye kiti, akakaa akiwa ameingiza mikono ndani ya mikono ya sweta.

Maneno yote niliyomwambia kuhusu walinzi na ujinga yalirudi yakanijaa masikioni, moja moja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Ningeinua betri mara moja tu, atoe sweta, niirudishe.

"Ningekuambiaje, mama?" akasema. "Taa ilikuwa inawaka."

Taa ile ni ya betri. Huwaka kijani wakati wowote betri ikiwa na uhai, mashine ikiwa na kazi au ikiwa imelala. Kati ya jaribio na jaribio zilipita siku nyingi ambazo mashine haikuwa inafanya chochote, mimi nimenuna chumbani kwangu, na mtu angeweza kulibeba sanduku akacheza nalo. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Yeye sikumwambia, kwa sababu sikuona kwamba linamhusu. Na siku ile sikumwambia pia. Nilienda jikoni nikalia, nilipomaliza nikapika chai, nikamletea.

Aliondoka wiki iliyofuata. Nilimsindikiza hadi kwa basi, sanduku likapanda kwenye kerea juu ya paa, na yeye akapanda amevaa ile sweta ya kahawia. Alifika akapanda maharagwe. Hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, ananiambia yameota, yamepaliliwa, ng'ombe wa jirani amefukuzwa, halafu anauliza kama protini bado imekaa. Namwambia imekaa.

Betri iko pale pale nilipoitua, sakafuni. Simiti ni kavu kabisa.